Shahidi Aitwaye Sinema: Mama wa Shamba la Ngong na Hukumu Zetu

Katika mabaraza ya wazee wa zamani, kesi haikuamuliwa kwa neno la shahidi mmoja, hata awe msemaji hodari wa namna gani. Shahidi aliulizwa: Je, ulikuwapo? Uliyaona kwa macho yako au ulisimuliwa? Na wewe mwenyewe unapata nini mambo yakiamuliwa hivi au vile? Alipokwisha kujibu aliitwa mwingine, na baada yake mwingine tena. Ndipo wazee waliposogeza viti vyao pembeni, wakanong'onezana, wakatoa neno.

Siku hizi yuko shahidi mpya ambaye hakuna anayemwuliza maswali hayo. Shahidi huyo ni sinema. Hutuonyesha mtu aliyepata kuishi duniani, akakopa, akalipa au akashindwa kulipa. Hutuonyesha uso wake, ambao kwa kweli ni uso wa mwigizaji. Hutuonyesha machozi yake, na muziki hupigwa chini kwa chini ili tujue ni wapi pa kumhurumia. Baada ya saa mbili au tatu tunainuka tukisema, "Kumbe yule mtu alikuwa hivi!" Hapo tumekwisha kumhukumu, na aghalabu hukumu hiyo haikatiwi rufani.

Namwomba msomaji aandamane nami katika kesi moja tu, iliyo karibu nasi kwa nchi na kwa zao. Sinema yenyewe inaitwa "Out of Africa". Ilitolewa mwaka 1985, ikiongozwa na Mmarekani Sydney Pollack, na mwaka 1986 ilipata tuzo 7 za Oscar, ikiwamo ile ya filamu bora. Meryl Streep aliigiza kama Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, kuanzia mwaka 1914 hadi 1931. Robert Redford akawa Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji aliyekuwa mpenzi wake. Klaus Maria Brandauer akawa Bror Blixen, mume wake, aliyekuwa Msweden. Dunia inamjua Karen Blixen kama mwandishi, kwa sababu mwaka 1937 alitoa kitabu ambacho kwa Kiingereza kina jina lilelile la sinema. Wachache wanamkumbuka kwa ile kazi iliyomweka Afrika miaka 17, yaani biashara ya kahawa. Na ni huyo mfanyabiashara ninayetaka tumtazame.

Sisi watu wa Nkwenda tunayo haki ya kusema neno katika jambo hili. Nkwenda iko Wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe, na ni nchi ya migomba na mibuni. Kahawa imelipa ada za shule, imeezeka mabati, imeoza na kuzika. Katika nchi za Wahaya na Wanyambo kahawa ilitafunwa tangu kabla Mzungu hajafika, na watu waliokula yamini ya udugu walishirikiana buni. Kwa hiyo mtu akituonyesha shamba la kahawa, macho yetu huenda kwenye matawi kabla hayajaenda kwenye nyuso za wapendanao.

Nilipoitazama sinema hiyo pamoja na majirani katika ukumbi mdogo wa video, hukumu zilianza kutoka kabla mkanda haujarudishwa nyuma. Kijana mmoja alisema mama yule alikuwa shujaa, na kwamba bahati mbaya tu ndiyo iliyomwangusha. Mwalimu mmoja mstaafu akamjibu, "Shujaa gani, mwanangu? Huyo alikuwa setla kama masetla wengine, ila alijua kulia." Wa tatu akasema mkosaji wa yote ni yule mume, mla fedha za mkewe. Kisha mama mmoja mkulima, ambaye amelea watoto wake kwa mibuni ya kibanja kimoja, akauliza polepole: "Mbona hatukumwona hata siku moja akihesabu magunia?"

Wote tulicheka. Lakini kadiri nilivyolifikiria swali lile ndivyo nilivyoona kuwa yeye peke yake ndiye aliyemhoji shahidi.

Basi na tuhesabu magunia. Shamba la Ngong halikuwa bustani ya bibi mmoja. Tangu mwaka 1916 lilikuwa mali ya kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company, ambayo hisa zake zilishikwa zaidi na ndugu zake wa Denmark, na mwenyekiti wake alikuwa mjomba wake, Aage Westenholz. Ardhi ilikuwa ekari 6,000 hivi, na katika hizo ekari 600 zilipandwa kahawa. Mwenyewe aliandika kuwa kila ekari ilichukua mibuni 600. Ukizidisha unapata miche 360,000. Kila mche ulitakiwa kupandwa kwa mkono, kupaliliwa, kupogolewa, na kungojwa miaka mitatu au minne kabla haujaanza kuzaa. Hao ndio watu wa kwanza ambao sinema haikuwaita barazani: ile miche na ile miaka.

Sasa tazama jinsi sinema inavyolimaliza shamba. Karibu na mwisho, usiku, kiwanda cha kahawa kinashika moto. Miali inapanda juu, mama anaamshwa, anasimama akitazama mali yake ikiteketea, na asubuhi kila kitu kimekwisha. Baada ya hapo ni kuuza vyombo na kufunga safari. Mtazamaji anatoka akijua kwamba mwanamke huyu aliangushwa na usiku mmoja.

Ni kweli kwamba kiwanda kiliungua. Lakini kiliungua mwaka 1923. Baada ya moto ule Karen Blixen aliendesha shamba kwa muda wa miaka minane mingine. Kilichomwua mkulima huyu ni mambo ambayo kamera haiwezi kuyapiga picha. Kwanza, shamba lilikuwa juu mno, zaidi ya futi 6,000, mahali penye upepo na baridi na mvua isiyoaminika. Yeye mwenyewe alikiri katika kitabu chake kwamba nchi ile ilikuwa ya juu kidogo kwa kahawa. Pili ni deni: kila mwaka ulitazamiwa kulipwa na mwaka unaofuata. Tatu ni bei ya dunia, ambayo baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1929 iliporomoka, ikaondoa hata tumaini lililokuwa limebaki. Mwaka 1931 shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa, na aliyelichukua alikuwa mfanyabiashara wa Nairobi aliyenuia kulikata viwanja vya kujenga nyumba. Huyo ndiye aliyeijua thamani ya ardhi ile. Wala hakuna mtu anayetoka kwenye sinema akimfikiria.

Wakulima wa kwetu wanaujua ugonjwa huo wa kula mavuno ambayo bado hayajaiva. Huku Kagera tunauita butura: mtu mwenye shida anauza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anavuna mali ya mwingine. Serikali imeipiga marufuku, lakini shida haisomi matangazo. Tofauti ni kwamba mkulima wa Nkwenda huuza magunia mawili au matatu kabla ya wakati, ilhali yule mama aliweka rehani tumaini la ekari 600. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa kitanda kile walikuwa madeni.

Je, jambo hili linabadilisha hukumu yetu juu ya tabia yake? Naam, linabadilisha sana. Mtu anayeangushwa na moto wa usiku mmoja anastahili huruma tu, na hakuna la kumwuliza. Lakini mtu aliyeshika shamba lisilofaa kwa miaka 17, na miaka minane baada ya kiwanda kuungua, ana mambo ya kujibu. Ulijua lini? Ulipojua, ulifanya nini? Fedha ulizoendelea kuzitia ardhini zilikuwa za nani?

Hapo ndipo tunapowahitaji mashahidi ambao sinema iliwaacha nje ya mlango. Mjomba wake alisafiri hadi Kenya mwaka 1921 kutazama mali ya wenye hisa. Wako katika ukoo waliotaka shamba liuzwe. Karen alipigana nao kwa maneno, akashinda, akapewa umeneja, kwa sharti kwamba Bror asiwe na mkono tena katika kampuni. Mdogo wake, Thomas Dinesen, aliishi naye shambani akimsaidia kazi hadi mwaka 1923. Katika sinema mjomba hayupo na mdogo mtu hayupo. Tunamwona mwanamke peke yake chini ya mbingu kubwa, akitegemea mikono yake miwili. Picha hiyo inapendeza, lakini inamwibia kwa upande mmoja na kumpendelea kwa upande mwingine. Inamwibia kwa sababu haimwonyeshi kama meneja aliyewakabili wenye fedha akawatetea wafanyakazi na shamba kwa hoja. Inampendelea kwa sababu inatuficha kwamba ujasiri wake uligharimiwa na ndugu, na kwamba kila mwaka alipokataa kushindwa, hasara ilizidi kuwa yao.

Mtu anaweza kuiita tabia hiyo uvumilivu. Mwingine ataiita ukaidi. Kwa maoni yangu, katika biashara hivi viwili ni ndugu waliozaliwa pamoja, na kinachowatenganisha ni mavuno. Mvua ingalinyesha na bei ingalipanda, tungalimwita mwenye maono.

Tumgeukie Bror. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na katika sinema hii ngozi imevutwa mbali kabisa na Bror. Tunamwona akiamua kulima kahawa badala ya kufuga, akienda kuwinda wakati wa kupanda, akiomba fedha, akifuata wanawake, na akimletea mkewe ugonjwa. Mengi katika hayo yana msingi. Umeneja wake ulikuwa mbaya, na ndiyo maana wenye hisa walimtoa. Lakini mtu aliyekuwa meneja mbaya si lazima awe mtu asiyefaa kitu. Nje ya shamba lile Bror alikuwa miongoni mwa waongozaji wa safari za uwindaji walioheshimiwa sana Afrika Mashariki. Mwaka 1928 alikuwa pamoja na huyohuyo Finch Hatton katika safari ya mrithi wa ufalme wa Uingereza. Aliishi nchini kwetu, Babati, mwishoni mwa miaka ya 1920, akitunza shamba la kahawa la mtu mwingine, na katika miaka ya 1930 alichapisha kumbukumbu zake za uwindaji. Tena Karen mwenyewe hakumchukia kama watazamaji wanavyomchukia. Walitengana mwaka 1921, talaka ikapatikana mwaka 1925, na muda wote huo ni yeye Karen ambaye hakuitaka talaka. Sinema imetufanya tuwe wakali kuliko mwenye kidonda.

Kuna kundi lingine la mashahidi, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Ni watu waliofanya kazi. Sinema inawapa wawili sura ya kukumbukwa: Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba yake, na Kamante, kijana Mkikuyu aliyetibiwa kidonda cha mguu na akawa mpishi hodari. Wengine ni mistari ya watu waliovaa mablanketi wakipita na vikapu. Lakini tabia ya mwenye shamba inasomwa hasa katika mistari hiyo.

Familia za Wakikuyu zilizoishi ndani ya shamba ziliitwa maskwota. Sheria ya ukoloni ya mwaka 1918 iliwataka watu wa namna hiyo wamfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa na kulima vipande vyao. Wengi walizaliwa palepale, na baba zao vilevile. Wakati huohuo Waafrika wa Kenya walizuiwa kulima kahawa hadi miaka ya 1930, na Wakikuyu wengi hadi miaka ya 1950. Huku Bukoba katika miaka hiyohiyo ya 1920 babu zetu walikuwa wakipanda mibuni katika vibanja vyao wenyewe na kuuza. Msomaji wa Kagera na alipime hilo: mtu anachuma kahawa nusu ya mwaka, na kama angeipanda mbuni moja mlangoni pake angekuwa mkosaji. Karen Blixen hakuitunga sheria hiyo. Lakini alikula katika sahani hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa na akili ya kutosha kuandika kwamba huenda wale watu walimwona yeye kuwa ndiye skwota katika nchi yao.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mtoto wa Kiambu, hakuwa na subira naye. Katika insha iliyomo ndani ya kitabu chake "Moving the Centre" cha mwaka 1993, alimshutumu kwa jinsi alivyowaandika Waafrika kwa mifano ya wanyama, na kusema kwamba upendo wake ulikuwa upendo wa bwana kwa mali yake. Hoja hiyo haiwezi kufukuzwa barazani. Kwa upande mwingine, Kamante Gatura aliyekuwa mpishi alisimulia kumbukumbu zake mwenyewe, zikatolewa kama kitabu mwaka 1975 na Peter Beard, miaka mingi baada ya mama yule kuondoka na kufa. Hakuwa tena na mshahara wa kutazamia kutoka kwake. Katika kumbukumbu hizo anamtaja kwa heshima na mapenzi. Hoja hii nayo haiwezi kufukuzwa. Mashahidi wawili wanaweza kutofautiana na wote wakawa wakweli, kwa sababu mmoja anashuhudia utaratibu na mwingine anashuhudia mkono uliomfunga kidonda.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja hadi sasa, kwa kuwa naliona ndilo ushahidi mzito kuliko mengine. Shamba lilipokwisha kuuzwa, maskwota walipewa amri ya kuondoka. Walikuwa wamezoea kuishi pamoja, nao waliomba jambo moja: wahamishwe wote mahali pamoja, wasitawanywe. Katika sinema Karen Blixen anakwenda kwenye karamu ya Gavana na kupiga magoti mbele yake hadharani. Waliohudhuria wananyamaza, na watazamaji wanatokwa na machozi. Katika kitabu chake jambo lenyewe halina magoti. Lina ofisi. Anasimulia jinsi alivyokwenda kwa ofisa huyu na yule, siku baada ya siku, akirudishwa, akiambiwa haiwezekani, akirudi tena, hadi serikali ilipokubali kutoa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti ili watu wake wakae pamoja.

Hapo sinema imetoa dhahabu ikaweka shaba. Kupiga magoti ni tendo la dakika moja, na hata mnafiki aweza kulifanya. Kuzungukia ofisi kwa ajili ya watu ambao hawawezi tena kukuletea faida, wakati wewe mwenyewe umefilisika, mpenzi wako amekufa kwa ajali ya ndege huko Voi mwezi Mei 1931, na meli inakungoja, hilo ni jambo la tabia. Sisi tuliopata kufuatilia hati au malipo katika ofisi zetu, tukaambiwa "njoo kesho" mpaka viatu vikaisha, tunajua kuwa magoti ni rahisi kuliko benchi la kungojea. Hata hivyo, haki inanilazimisha niongeze kwamba watu wale walipewa msitu baada ya kuondolewa katika nchi waliyoihesabu kuwa yao. Wema wake ulikuwa wa kweli, na uonevu uliouzunguka ulikuwa wa kweli pia.

Simlaumu Sydney Pollack kana kwamba alitusingizia kwa ubaya. Sinema yake ina muda wa saa mbili na dakika arobaini hivi, na maisha yale yalikuwa na miaka 17. Mtengeneza sinema hapana budi achague. Anapochagua, anachukua kinachoonekana: simba, ndege, moto, nywele zikioshwa mtoni. Anakiacha kisichoonekana, yaani riba, mvua iliyochelewa wiki tatu, barua kwa wenye hisa. Maskini, tabia ya mtu wa biashara inakaa hasa katika hivyo visivyoonekana. Shujaa wa vita unaweza kumwonyesha akipigana, mwimbaji unaweza kumwonyesha akiimba, lakini utamwonyeshaje mtu akilipa mshahara tarehe aliyoahidi, mwezi baada ya mwezi, huku hana?

Wala si Karen Blixen peke yake aliyepatwa na hili. Mwaka 1941 Orson Welles alitoa sinema "Citizen Kane", ambayo kila mtu alijua kuwa inamgusa tajiri wa magazeti wa Marekani, William Randolph Hearst. Mwenzi wa tajiri wa sinema alionyeshwa kama mwimbaji asiye na kipaji. Watu wakaamini kwamba Marion Davies, mwenzi wa Hearst, alikuwa hivyo, ingawa alikuwa mwigizaji mzuri wa vichekesho. Baadaye Welles mwenyewe aliandika, katika utangulizi wa kumbukumbu za bibi huyo zilizotoka mwaka 1975, kwamba wawili hao hawakufanana. Alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 2010 ikatoka sinema juu ya Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, ikimwonyesha kama kijana aliyeanza yote kwa uchungu wa kuachwa na msichana. Ukweli ni kwamba tangu siku zake za chuo alikuwa na urafiki na yule aliyekuja kuwa mke wake. Huenda ana makosa yake mengi, tena makubwa, lakini hayo yatafutwe mahali pake.

Na sisi je? Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya Hollywood, hayatuhusu. Yanatuhusu. Kizazi chetu kililelewa na picha moja ya mfanyabiashara. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, katika michezo ya shuleni, ngonjera na katuni, mwenye duka na mnunuzi wa mazao alikuwa na tumbo kubwa, alivuta sigara nene, na jina lake lilikuwa kupe au mnyonyaji. Picha ile ilikuwa na ukweli ndani yake, maana wanyonyaji walikuwapo na wapo. Lakini iligeuka kuwa sinema isiyozimwa. Nakumbuka mzee mmoja wa upande wetu, ambaye sasa ni marehemu, aliyenunua kahawa ya maganda kwa watu. Tulipokuwa watoto tulimwimbia nyimbo za kupe akipita na baiskeli yake. Nilipokuwa mtu mzima nilikaa na mjane mmoja akanieleza kuwa mizani ya mzee yule haikuwahi kumpunja, na kwamba usiku mmoja alimkopesha nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, asimdai riba. Jirani yake naye akaeleza kwamba mzee huyohuyo alimnunulia kahawa ikiwa maua, akamwacha bila kitu msimu mzima. Nimewaamini wote wawili.

Ndipo ninapoona kuwa lile swali la magunia lafaa kuwa kipimo chetu. Ukitaka kumjua mtu wa biashara, usianze na jinsi alivyopenda wala alivyolia. Uliza mizani yake ilikuwaje. Uliza fedha za mtaji zilikuwa za nani, na wenye fedha walimwonaje. Uliza alikuwa na nafasi gani katika sheria ambayo wenzake hawakuwa nayo. Waulize waliomfanyia kazi, hasa wakati ambapo hawamhitaji tena. Na mwisho uliza alifanya nini siku faida ilipokwisha. Sinema inaweza kukuchokoza uyatafute majibu hayo, na kwa hilo nashukuru. Lakini haiwezi kuyajibu kwa niaba yako.

Kwa kipimo hicho, hukumu yangu juu ya mama wa Ngong ni hii. Alikuwa mkulima asiyefanikiwa, aliyepanda kahawa juu mno na akakataa kuamini baridi. Alitumia fedha za ndugu zake kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Alineemeka kwa sheria dhalimu, akaiona ubaya wake kwa sehemu, akaendelea kuishi ndani yake. Alipoanguka, hakuwasahau watu waliokuwa wakianguka pamoja naye, na alichosha miguu yake kwa ajili yao. Hakuwa yule malaika wa Meryl Streep, wala hakuwa setla wa ngonjera.

Nyumba yake ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya sinema, na wageni wengi huja kuitafuta nyumba waliyoiona kwenye kioo. Ningekuwa ndiye ninayewaongoza, kabla ya kuwaingiza vyumbani ningewapeleka kwanza nje, nikawasimamisha penye upepo, nikawaomba wahesabu: mibuni 360,000, futi 6,000, siku 180.